Tawi la Uongo Mlima Ndembo

Nukta zote za mlima zilikuwa nyekundu. Tusekile alikiweka chini kikombe cha chai bila kukitazama, na kikombe kikaikosa meza.

Hakuokota vigae. Alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, akaegemea mbele mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Gereji yake ilikuwa Uyole, mbali na mteremko wenyewe, lakini kila fundi wa kompyuta za magari aliyekuwa na kibali aliweza kuusikiliza Mlima Ndembo kutoka mezani kwake. Kila gari lililokuwa likishuka lilionekana kama nukta. Nukta ya kijani ni gari zima. Nukta nyekundu ni gari lililoweka tawi.

Jina hilo lilitoka mbali. Enzi zile gari linaendeshwa kwa mikono na miguu, madereva wa njia hii walikuwa na desturi moja isiyovunjwa: likikuharibikia, unakata matawi mabichi unayatandika barabarani, nyuma na mbele, na kila ajaye anapunguza mwendo kabla hata hajaona kuna nini. Walikuwepo wezi wa betri, walikuwepo wezi wa mafuta, walikuwepo na waliouza mzigo wa tajiri njiani kisha wakalia kwamba wameporwa. Ila hakuna aliyetandika tawi kwa mzaha. Tawi lilikuwa neno la kweli hata mdomoni mwa mwongo.

Sasa mlima wenyewe, kwa kompyuta zake, ulikuwa ukiendesha. Gari likishapita geti la juu, mlima unashika breki na gia, na dereva anabaki na usukani na dua zake. Giaboksi ya kila gari inauambia mlima uzito uliobebwa, joto la oili na hali ya breki, na mlima unapanga nani atangulie na nani angoje. Giaboksi ikisema oili inachemka na breki hazishiki, hilo ndilo tawi. Hapo magari yote yaliyo mbele yanajibana kando na njia inafunguka mpaka chini, kama watu wanavyopisha jeneza.

Lakini mlima mzima hauwezi kuchemka kwa wakati mmoja. Kulikuwa na mvua ya rasharasha, hewa ya baridi, na magari mengine yalikuwa yamevuka geti muda huo huo tu. Tusekile alifungua taarifa ya basi moja. Oili inachemka, lilisema basi. Akafungua ya lori la mbao. Oili inachemka. Akafungua ya kigari cha mkaguzi wa barabara kisichobeba chochote ila mkaguzi. Nacho kilikuwa kinachemka, masikini, tena kwa maneno yale yale.

Maneno yale aliyajua. Aliyaandika yeye.

*

Aliyaandika kwa ajili ya kaka yake, na kama ungemuuliza siku ile, angekuapia kwamba hajawahi kufanya kazi iliyo safi zaidi.

Ambokile aliendesha gari la wagonjwa la zahanati ya juu. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa chini ya mlima. Walioutengeneza mlima waliufundisha uzito, joto na mwendo, wakasahau kuufundisha mtu. Kwao gari la wagonjwa lilikuwa gari dogo jepesi lenye breki nzima, na gari la namna hiyo linasubiri malori yapite. Ving'ora vilipiga kelele mpaka vikapoteza sauti. Mlima hauna masikio ya king'ora.

"Nimeshusha maiti ambayo ilipanda gari langu ikiwa inaniamkia," Ambokile alimwambia, akiwa amekaa kwenye tairi kuukuu mlangoni mwa gereji. "Nifanyie kitu, mdogo wangu. Wewe si ndiye fundi?"

Akafanya. Kwanza alifanya ya halali. Aliipanga upya hesabu ya mafuta kwenye kompyuta ya injini, akaruhusu turbo isukume hewa mapema, ile pumzi fupi iliyokuwa ikilikamata gari kwenye vilima ikaisha. Kisha akaingia kwenye kompyuta ya giaboksi. Alipandisha presha ya oili ili klachi za ndani zing'ate bila kuteleza, akarekebisha mahali pa kubadili gia. Halafu, kama kila fundi wa Uyole anavyofanya kwa gari la milimani, akaidanganya giaboksi uzito. Hii ni mbinu ya zamani na hakuna anayeionea haya: unaiambia giaboksi kwamba gari limebeba tani kadhaa, nayo inaogopa mzigo, inashikilia gia nzito kwenye mteremko, na breki zinapumzika. Gari lilitoka gerejini likinguruma kwa adabu, na Ambokile akacheka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Haikusaidia kitu. Injini nzuri kwenye foleni ni injini nzuri iliyosimama.

Ndipo Tusekile akaongeza mistari michache kwenye ile taarifa giaboksi inayoupelekea mlima. Mistari michache tu. Kaka yake akiwa na mgonjwa, atabonyeza kitufe, na giaboksi itasema oili inachemka. Tawi la uongo, kwa gari moja, kwa mtu anayekufa. Usiku ule alilala usingizi mzito.

Alisahau kwamba mlima una shule. Gari linaloshuka vizuri kuliko mengine, haraka na breki zikiwa baridi, mlima unalifanya mwalimu, na giaboksi nyingine zinaiga linavyofanya. Tusekile aliijua shule hiyo kama anavyolijua jina lake. Ila mwalimu huchaguliwa miongoni mwa malori, kwa kuwa malori ndiyo yenye shida ya kushuka. Magari madogo hayafundishi. Naye alikuwa ameliambia gari la kaka yake kwamba ni lori. Mlima ukaona lori la ajabu linalopita wote huku breki zake zikiwa baridi, ukalipa ubao na chaki. Na lile lori la ajabu likafundisha siri yake: ukitaka kufika, sema unakufa.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Hawasemi kama mwongo huufikia mwisho wake peke yake. Wengine hufika na wenzao.

*

Simu ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamume anayejitahidi asipige kelele.

"Fundi, ni Sanga. Sanga wa saruji. Uliniwekea kompyuta ya gia mwaka jana."

"Nakukumbuka. Uko wapi?"

"Niko Ndembo. Nimeweka tawi, fundi. Nimeweka tawi na hakuna anayenipisha."

Tusekile aliitafuta nukta yake, akaipata juu ya kona ya Mianzi. Ilikuwa nyekundu katikati ya wekundu, na mlima ulikuwa umeipa njia sawasawa na ulivyoipa kila nukta nyingine, yaani haukuipa kabisa. Wote wakilia, mlima hauna wa kumbembeleza.

"Sanga, niambie kweli. Unasikia nini?"

"Nasikia harufu. Moshi unatoka magurudumu ya nyuma. Giaboksi imeachia, inanipa gia nyepesi, inakataa kushika. Mbele yangu kuna basi, fundi, basi limejaa. Naona watoto wamegeuka kwenye kioo cha nyuma wananipungia mkono." Kisha akasema taratibu, "Nami nawapungia."

Chini ya kona ya Mianzi, ubavuni mwa barabara, kulikuwa na shimo la mchanga lililochimbwa kwa ajili ya malori yaliyoshindwa. Kati ya Sanga na mchanga ule kulikuwa na basi na foleni ndefu ya magari. Na baada ya mchanga, mteremko ulikwenda moja kwa moja mpaka geti la chini, na leo pale getini palikuwa na gulio. Tusekile alimjua kila muuza viazi wa gulio lile. Mitumba yake yote alinunua pale.

Angeweza kuyagusa magari aliyoyafanyia kazi mwenyewe tu. Lori la Sanga lilikuwa mojawapo, lakini alipoingia ndani ya giaboksi yake alikuta hakuna cha kurekebisha. Chuma kilichoungua hakiandikiwi programu. Basi hakuwahi kulishika. Lori la mbao hakuwahi kulishika.

Gari la kaka yake alilishika.

Nalo lilikuwa mlimani. Aliiona nukta yake ikishuka kwa mbali, juu ya Sanga, nyuma kabisa ya foleni, nje ya hatari yote. Lilikuwa bado mwalimu. Na kanuni ya shule ile ilikuwa moja: wanafunzi hufanya anachofanya mwalimu, pale pale anapokifanya. Mwalimu akiondoa tawi lake na kujibana kando, wote waliojifunza kwake wataondoa matawi yao na kujibana kando. Mlimani litabaki tawi moja tu, la kweli.

"Shika usukani, Sanga," alisema. "Ukiona basi linakaa pembeni, usijiulize. Nenda mchangani."

"Na lisipokaa?"

Alimwacha hewani, akampigia kaka yake.

*

"Usiniguse," Ambokile alisema kabla hajasalimiwa. "Chochote unachotaka, kingoje. Nina mama hapa, mimba imemgeukia vibaya, anatoka damu. Muuguzi amempandia juu ya machela. Nahitaji njia, Tusekile."

"Kaka, mlima mzima umeweka tawi."

"Ndiyo nashangaa leo sipishwi!"

"Wameiga kwako. Wameiga uongo wetu. Kuna lori la saruji kona ya Mianzi breki zimekufa kweli, na mbele yake kuna basi, na chini kuna gulio. Nataka nilisimamishe gari lako. Ukisimama wewe, wote wanasimama, yeye anapita."

Nyuma ya kaka yake Tusekile alimsikia yule mwanamke. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Nikisimama hapa," Ambokile alisema, "mlima utafunga geti. Lori likiingia mchangani huwa unafunga geti na kuyashikilia magari yote mpaka wakague. Unajua hilo."

"Najua."

"Unajua! Basi usiniombe. Mimi sina mzani wa kuwapima watu. Nimepewa mtu mmoja, nimeambiwa mfikishe. Sikuambiwa habari za basi."

"Kaka…"

"Anaitwa Atuganile," alisema Ambokile. "Usije ukasema hukujua jina lake."

Tusekile aliutazama mkono wake wa kulia, uliojaa makovu madogo ya vyuma vya moto, ukielea juu ya meza. Aliogopa. Aliogopa hivi kwamba alitamani mtu aingie gerejini aulize bei ya plagi, ili tu asiwe peke yake. Kwenye kioo, nukta ya Sanga ilikuwa imeanza kwenda haraka kuliko nyingine. Ilikuwa inaikaribia nukta ya basi.

"Nisamehe," alisema, na hakujua anamwambia nani. Alibonyeza.

Nukta ya gari la wagonjwa iligeuka kijani. Ikasogea kando, ikasimama. Kwa muda ulioonekana kumaliza maisha yake hakuna kingine kilichobadilika. Kisha lililokuwa mbele yake likageuka kijani, na lililofuata, na lililofuata, kijani kikishuka mlimani kona baada ya kona. Lori la mbao. Kigari cha mkaguzi. Basi likajibana kando, na nukta moja nyekundu ikalipita ubavuni karibu mno, ikakata kona ya Mianzi, ikaingia mchangani na kuzimika.

Simu ya Sanga ilikuwa bado hewani. Tusekile alisikia mchanga ukimiminika juu ya bati, halafu mtu akikohoa, halafu akilia kwa nguvu bila haya yoyote, na hakuwahi kusikia sauti iliyomfurahisha kama ile.

Kisha mlima ukafunga geti.

*

Yaliyofuata aliyasikia kwa vipande. Mlima ulikataa kuachia gia na breki za gari lolote. Ambokile alitoka akapiga vioo vya magari kwa ngumi. Madereva walishuka. Mmoja wao, mzee aliyekuwa na panga chini ya kiti, alikata matawi ya miti ya kando na kuyatandika barabarani, mbele na nyuma ya gari la wagonjwa, ingawa hakuna gari lililokuwa likienda popote. Labda mikono yake ilitaka tu kufanya kitu inachokijua. Wakaishusha machela wakaipokezana mabegani, abiria wa basi lile nao wakashika, wakateremka kwa miguu kwenye rasharasha, wakalipita lori la saruji lililozama mchangani, mpaka getini. Pale wauza viazi walimwaga mzigo wa mkokoteni, wakampakia mgonjwa.

Atuganile alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika.

Kesho yake Tusekile alimkuta kaka yake kwenye kibaraza cha wodi. Alikuwa na nguo zile zile. Alimsogezea nafasi kwenye benchi, na kwa kitendo kile kidogo Tusekile nusura aangue kilio, maana alitegemea atafukuzwa.

"Nimemwambia gari lilisimama lenyewe," Ambokile alisema, macho yakiwa sakafuni. "Na muuguzi nimemwomba aseme hivyo hivyo. Mlima ulilisimamisha, basi. Wakubwa wa barabara nao wakija wataambiwa hivyo. Hakuna atakayeumia."

"Kaka."

"Ni neno dogo tu, Tusekile. La kumsaidia alale. La kukusaidia wewe."

Tusekile alimtazama. Kaka yake alikuwa mtu mwema, tena mwema kuliko yeye, na alikuwa akimpa kile kile ambacho yeye alimpa siku ile gerejini, kwa upendo ule ule. Neno dogo, kwa mtu mmoja. Aliona kwamba muuguzi ameshajifunza. Kesho angejifunza mkubwa wa hospitali, kisha mume wa yule mama, na siku gari jingine likisimama na mtu akafa kwa uzembe mtupu, kila mtu angejua la kusema: lilisimama lenyewe.

Aliinuka, akasukuma mlango wa wodi.

Atuganile alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alilala ubavu, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, akiutazama ukuta. Tusekile alisimama karibu na kitanda, asijue aiweke wapi mikono yake.

"Pole, mama."

"Asante."

"Naitwa Tusekile. Ni fundi wa lile gari lililokubeba. Umeambiwa lilisimama lenyewe. Halikusimama lenyewe. Nililisimamisha mimi, nikiwa Uyole, nimekaa kwenye kiti. Kaka yangu alinikataza. Alinitajia jina lako, nami nikalisikia, na nikalisimamisha."

Atuganile hakugeuka.

"Kulikuwa na lori halina breki. Basi lilikuwa mbele yake, na chini kulikuwa na gulio. Na lile lori lilikosa njia kwa sababu yangu vilevile, kwa kuwa kabla ya hapo niliyafundisha magari kudanganya. Sikukusudia, lakini niliyafundisha. Sikuja unisamehe. Nimekuja ujue."

Nje mtu aliburuta ndoo, akapita. Tusekile alingoja ukelele, au matusi, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Yalipokosekana alirudi hatua moja kuelekea mlangoni.

"Usiondoke," alisema Atuganile.

Aligeuka polepole, kwa maumivu, mpaka wakatazamana. Macho yake yalikuwa makavu na yamevimba.

"Tangu asubuhi wanaingia hapa. Mmoja ananiambia ni mipango ya Mungu. Mwingine ananiambia ni gari. Mama mkwe ananiambia nilichelewa kusema uchungu umeanza. Kila mtu ana lake, na sina hata mmoja wa kumkasirikia. Wewe nakukasirikia. Nakukasirikia sana."

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa. Vuta hicho kiti ukae. Unieleze tangu mwanzo, usiruke kitu."

Tusekile alivuta kiti. Mlangoni kaka yake alikuwa amesimama, mkono kwenye fremu, akisikiliza.

"Kulikuwa na desturi zamani," alianza, "gari likiharibika, dereva anakata tawi."